Mchagua Jembe

Wahenga wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Walisema kweli, maana walikuwa wakimwonya mvivu, yule ambaye kila akiitwa shambani husema mpini huu ni mfupi, au jembe hili ni butu. Walakini jembe la mkono lina hasara ndogo. Likikosea, hukosea hatua moja tu, na mwenye kulima huliona kosa lake kabla ya kuinua mkono mara ya pili. Trekta si hivyo. Laweza kuharibu ekari nzima kabla jua halijafika utosini, na fedha ya kukodi imekwisha kulipwa. Basi yatupasa kuligeuza kidogo neno la wazee: kwa trekta, asiyechagua jembe ndiye asiye mkulima.

Nchi yetu ya Makambako na Njombe ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Mwenye kuukosa hana mwingine mpaka mwaka upite. Kwa hiyo, mawingu ya kwanza yakionekana, watu hukimbilia trekta lo lote, wala hawaulizi linavuta chombo gani.

Nimeona nyumba moja iliyouza ndama wake ili kukodi trekta. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na udongo wao mwekundu ulinata viatuni. Dereva alikuwa na haraka, akalima kwa kushuka na kupanda mteremko. Mabonge yalipokauka yakawa kama matofali. Wakalipa tena ili kupiga haro, mara ya kwanza na ya pili, hata shamba likawa laini na la kupendeza. Mwezi wa Desemba ikaja mvua kubwa. Maji yakafuata mifereji ile ya plau, yakachukua udongo, mbolea na mbegu mpaka bondeni. Ndama amekwenda, mahindi hayakupatikana, na ada ya mtoto ikakopwa kwa jirani. Hakuna mwizi aliyeingia shambani mwao. Waliibiwa na chuma kisichofaa, katika siku isiyofaa.

Kosa hili si la wadogo peke yao. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Yaliletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka ule wa kwanza walitumaini ekari 150,000, wakapanda kama 7,500 tu. Mizizi ya vichaka ilivunja vyuma, na changarawe ikayala makali ya majembe. Tena udongo ule, kiangazi kilipofika, ulikauka ukawa mgumu hata karanga zisiweze kung'olewa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Wenye mashine hawakukosa fedha wala nguvu. Walikosa kuuliza udongo kwanza.

Tuvitazame basi vyombo vyenyewe, kila kimoja na kazi yake.

Plau la sahani lina sahani za chuma, mara nyingi tatu, zizungukazo huku zikikata. Zikikuta kisiki au jiwe hupanda juu yake zikapita. Lafaa shamba jipya lenye mizizi, na udongo ulio mgumu. Lakini halifukii magugu yote. Tena likipita kila mwaka kwa kina kile kile, chini yake hujengeka tabaka gumu kama sakafu, ambalo mizizi ya mahindi haipenyi wala maji hayapiti upesi.

Plau la bawa ni ndugu wa lile la ng'ombe. Hukata kwa ncha, kisha bawa lake hupindua udongo juu chini. Hufukia magugu na mabua vizuri sana. Lakini lataka shamba safi lisilo na visiki, na unyevu wa kadiri.

Ripa haipindui udongo. Ni jino la chuma lichanalo mstari, na mabua ya mwaka uliopita hubaki juu yakiufunika udongo. Kazi yake ni ya kiangazi, kabla ya mvua, maana udongo mkavu hupasuka, bali udongo mbichi hukatwa tu kama sabuni. Mvua ya kwanza huingia katika mistari, na mbegu hupandwa humo humo. Hii ndiyo dawa ya ile sakafu ya chini. Ila magugu hayafukiwi, na kwa hiyo palizi huja mapema. Asiye na mikono ya kutosha nyumbani alifikiri hilo kabla ya kuchagua.

Haro hufuata plau, ili kuvunja mabonge. Ipigwe kadiri ya haja tu. Anayeirudia ili shamba lipendeze kama unga, ajue kwamba unga huo ukipigwa na mvua hufanya gamba, na miche hushindwa kutoka. Rotaveta husaga udongo zaidi ya haro. Yafaa bustani na vitalu, wala haipendi mawe. Pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, huifanya kazi hiyo katika vishamba vidogo. Na kwa viazi mviringo, baada ya kulima hupitishwa jembe la kuinua matuta.

Je, utajuaje lipi lakufaa? Chimba shimo shambani, lifike magotini. Tazama mizizi ya mazao ya mwaka jana. Ikiwa imeshuka wima, chini hapana kizuizi. Ikiwa imepinda na kwenda upande kama mtu aliyekuta mlango umefungwa, ile sakafu ipo, na kupima kina chake ni rahisi: ripa yapasa kupita chini yake kidogo. Trekta lisilo na nguvu ya kufika huko litakuchukulia fedha bure.

Kisha twaa udongo wa kina kile utakacholima, uuviringishe viganjani. Ukifanyika mnyoo mrefu usiokatika, ni mbichi mno. Mwambie dereva arudi siku nyingine, hata kama jirani analima. Ukivunjika vipande vipande, plau na liingie.

Tena utazame mteremko. Mifereji yote ipite kwa kuukata, isishuke kamwe pamoja nao. Na mahali palipo mteremko mkali trekta lisipande kabisa, maana laweza kupinduka na kumwua mtu. Huko jembe la mkono bado ni bwana. Wamatengo wa Mbinga hulima milima yao kwa ngoro: hulaza majani kwa miraba, huyafunika kwa udongo wachimbao katikati, na shimo libakilo hushika maji ya mvua. Hakuna trekta liwezalo kazi hiyo.

Waalimu wapendwa, somo hili halihitaji gharama. Mwezi wa Septemba, kabla ya pilikapilika za kulima, wapelekeni watoto katika shamba la shule wachimbe shimo moja, wapime kina cha udongo laini na cha udongo mgumu, waandike. Kisha kila mtoto achimbe la namna hiyo nyumbani, baba na mama wakitazama. Nanyi wenye nyumba, mkikaa jioni kuhesabu fedha ya kukodi, msianze kwa kuuliza, "Trekta la nani, na kwa bei gani?" Anzeni kwa kuuliza, "Shimo limesema nini?" Fedha ya ndama yaweza kupatikana tena mwaka mwingine. Udongo uliokwenda bondeni haurudi, na watoto watakaolima baada yetu hawatakuwa na mwingine.