Mwanga Unaoua Bakteria na Mgonjwa Mwenye Mpira wa Mkojo

Mgonjwa anaporuhusiwa kurejea nyumbani akiwa bado na mpira wa mkojo, kazi ya uangalizi huwahamia ndugu zake. Maswali huanza hapo, na siku hizi mojawapo ni hili: je, taa za mwanga wa buluu zinazouzwa kwa maelezo kwamba huua vijidudu zinaweza kumkinga mgonjwa huyo na maambukizi? Swali hilo si la kipuuzi. Nyuma ya taa hizo ipo sayansi ya kweli, lakini zipo pia ahadi ambazo sayansi hiyo haijazitoa.

Tuanze na mpira wenyewe, ambao wahudumu wa afya huuita katheta. Katika hali ya kawaida mkojo unapotoka huosha njia yake na kuwaondoa bakteria. Mpira huondoa kinga hiyo na kuwawekea bakteria daraja la kufika kwenye kibofu. Wakishafika hujishikiza kwenye kuta za mpira, huzaana, kisha hujifunika kwa utando wa ute. Ndani ya utando huo antibayotiki huwafikia kwa shida, na kinga ya mwili vivyo hivyo. Ndiyo maana maambukizi huweza kurudi hata baada ya mgonjwa kumaliza dozi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinaeleza kwamba takriban asilimia 75 ya maambukizi ya njia ya mkojo yanayopatikana hospitalini yanahusiana na katheta, na kwamba kisababishi kikuu cha hatari ni mpira kukaa mwilini kwa muda mrefu. Kila dozi inayorudiwa huwapa bakteria nafasi nyingine ya kujenga usugu dhidi ya dawa. Kwa hiyo watafiti wanatafuta njia ya kuwaua bila kutumia dawa, na mwanga ni mojawapo.

Mwanga unaozungumziwa hapa ni ule wa urujuani unaokaribia buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 405 hivi. Huu ni mwanga unaoonekana kwa macho. Bakteria wengi hutengeneza ndani ya miili yao kemikali ziitwazo porfirini. Porfirini zikipigwa na mwanga huo hunyonya nguvu yake, na nguvu hiyo huizalisha oksijeni ya aina kali ambayo huunguza seli ya bakteria kutoka ndani. Kwa lugha nyepesi, bakteria hubeba mwenyewe kiberiti, na mwanga hukiwasha.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Wabibi zetu nao walianika magodoro juani bila kungoja tuzo ya mtu. Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde huko Uskoti walitengeneza taa za dari za nanometa 405 na kuzijaribu katika vyumba vya wagonjwa walioungua, katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary. Taa ziliwaka wagonjwa na wauguzi wakiwa humo humo, na bakteria juu ya vitanda, meza na vitasa wakapungua. Taa zilipozimwa, bakteria waliongezeka tena.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo matangazo huiruka. Mwanga hufanya kazi pale tu unapofika, na kwa muda ule tu unaowaka. Hauachi kinga yoyote nyuma yake. Kazi yake pia ni ya polepole, inayohitaji saa nyingi, na bakteria hawafi kwa urahisi ulio sawa: wale wa usaha wa ngozi hufa upesi zaidi kuliko jamii ya bakteria wa utumbo, ambao ndio huongoza katika kuambukiza njia ya mkojo. Virusi havina porfirini, hivyo mwanga huu hauvidhuru kwa njia hiyo. Tena damu huunyonya mno mwanga wa nanometa 405, kiasi kwamba tone lililoganda juu ya kifaa laweza kuwa kivuli cha kuwaficha bakteria.

Kwa sababu hiyo, taa iliyowekwa kando ya kitanda haiwezi kuusafisha mpira uliomo ndani ya mwili. Watafiti wanaoshughulikia vifaa tiba wameamua kuupeleka mwanga ndani ya mrija wenyewe, kwa uzi mwembamba wa kioo wa jamaa ya ule unaopitisha mawasiliano katika Mkongo wa Taifa, ili kuta za mrija ziangazwe kabla utando haujajengeka. Ni wazo zuri, na sisi tunalifuatilia kwa matumaini. Lakini hicho ni kifaa kizima kinachopaswa kupimwa na kusajiliwa, hakina udugu wowote na balbu ya kununuliwa dukani.

Kuhusu balbu hizo kuna hatari nyingine. Zipo taa zinazoua vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho. Ule mng'ao hafifu wa buluu unaouona ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka. Mionzi hiyo huunguza ngozi, huumiza macho, na huchakaza plastiki na mpira. Rangi ya taa, basi, haikuambii ni salama au la. Usimmulike nayo mgonjwa wala mfuko wake wa mkojo. Vilevile usiichanganye na taa ya buluu wanayowekewa watoto wachanga wenye umanjano: ile huvunjavunja bilirubini mwilini, na kuua bakteria si kazi yake.

Ukiuziwa kifaa chochote kwa maelezo kwamba kinatibu au kinazuia maambukizi, muulize muuzaji kama kimesajiliwa kuwa kifaa tiba, na uombe uthibitisho kabla ya kutoa fedha.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira. Osha kwa maji na sabuni kila siku mahali unapoingilia mwilini. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu, na usiuchomoe kutoka kwenye mpira bila sababu uliyoelezwa na muuguzi. Katika kila ziara ya kliniki uliza swali hili: je, mpira huu bado unahitajika? Wapo wagonjwa wanaokaa nao kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Mgonjwa akipata homa au kutetemeka, maumivu ya kiuno au ya chini ya tumbo, damu kwenye mkojo, au mzee akianza ghafla kuchanganyikiwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkojo ukiacha kutiririka ilhali mpira haujakunjika, usingoje asubuhi.