Leza, vitundu vya usoni na ngozi nyeusi

Wengi wameambiwa kwamba kujifukiza kwa maji ya moto hufungua vitundu vya ngozi, na kwamba barafu huvifunga. Vitundu hivyo havina msuli wowote wa kuvifungua wala kuvifunga. Kila kimoja ni mdomo wa kifuko cha unyweleo, na ndani yake tezi humimina mafuta ya kulainisha ngozi. Mvuke hulegeza mafuta yaliyoganda mdomoni, barafu hutuliza uvimbe kidogo, na baada ya muda mfupi uso hurudi ulivyokuwa.

Vitundu hupanuka kwa sababu zinazojulikana. Tezi zikitoa mafuta mengi, mdomo hutanuka, ndiyo maana vitundu huonekana zaidi puani na kwenye mashavu yaliyo karibu na pua. Umri na jua hulegeza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia kuta za kitundu, kikabaki wazi. Chunusi za miaka mingi nazo huacha kuta zimeharibika. Leza nyingi zinazotumika kwa tatizo hili hushughulikia ule ulegevu: hutia joto chini ya ngozi ili mwili utengeneze kolajeni mpya na kuta zikazwe. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 ambaye shida yake ni mafuta tu hatapata faida sawa na mama wa miaka 45 ambaye ngozi imeanza kulegea. Na kwa yeyote kati yao, vitundu hupungua ukubwa lakini haviondoki. Anayekuahidi uso usio na kitundu hata kimoja anakudanganya, kwani bila vitundu mafuta hayana pa kutokea.

Leza za zamani za kuchubua ngozi zilikwangua uso mzima, na kidonda kilichukua wiki kadhaa kupona. Mwaka 2004 watafiti Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao walichapisha njia nyingine: mwale hugawanywa kuwa nukta ndogo zisizoonekana kwa macho, kila nukta ikichoma safu nyembamba inayozama ndani ya ngozi, na kati ya nukta na nukta ngozi ikiachwa nzima. Ni kama mkulima achimbaye mashimo ya kupandia bila kulima shamba zima. Ngozi iliyoachwa ndiyo inayoponya iliyochomwa, tena kwa siku chache. Leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 1,550 hupasha joto bila kuondoa tabaka la juu, ilhali ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, huligeuza tabaka hilo kuwa mvuke pale inapogusa. Hii ya pili ina nguvu zaidi na hatari zaidi. Kolajeni hujengwa polepole, hivyo matokeo hupimwa baada ya miezi mitatu hadi sita, na kwa kawaida mtu huhitaji awamu kadhaa.

Hapa ndipo wasomaji wetu wanapaswa kuwa makini. Kliniki za urembo hupenda kusema kwamba leza hizi hazibagui rangi ya ngozi. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba nanomita 1,550 na 10,600 hufyonzwa na maji yaliyomo kwenye ngozi, na melanini, yaani rangi ya ngozi, haizivuti kama inavyovuta mawimbi mafupi. Lakini joto lenyewe huleta uvimbe, na seli zinazotengeneza melanini katika ngozi nyeusi huujibu uvimbe kwa kumwaga rangi zaidi. Mtu aliyeingia akilalamikia vitundu anaweza kutoka na madoa meusi, ambayo humsumbua kuliko vitundu vilivyompeleka.

Sehemu kubwa ya majaribio ya leza hizi ilifanywa kwa watu weupe na Waasia. Kipimo cha rangi ya ngozi alichokibuni daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambacho mashine nyingi za leza hufuata hadi leo, kilianza na watu weupe. Aina ya tano na ya sita, ambamo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumo, ziliongezwa baadaye. Ndiyo maana naona ni uzembe mtaalamu kutumia mpangilio uliotoka kiwandani bila kuupunguza. Kwa ngozi nyeusi, nukta ziwe chache kwa kila awamu, ngozi ipozwe wakati wa kazi, na awamu zitenganishwe vya kutosha. Wingi wa nukta umeonekana kuchangia madoa kuliko hata nguvu ya kila nukta.

Mtu anayepaka mkorogo au krimu yenye steroidi aseme mapema, hata kama anaona aibu, maana ngozi yake imeshakonda na hupona kwa shida. Aliyewahi kupata malengelenge ya homa mdomoni naye aseme, kwani leza inaweza kuyaamsha. Daktari humpa dawa ya kuyazuia.

Nikiulizwa, nashauri kwanza miezi mitatu ya kupaka dawa ya adapalini au tretinoini usiku, chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na losheni ya kukinga jua yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia mwanga wa kawaida ambao pia hutia weusi ngozi yetu. Adapalini na tretinoini hazifai kwa mjamzito, lakini kwa wengine ni nafuu kuliko awamu moja ya leza, na mara nyingi zinatosha.

Zisipotosha, omba leza ijaribiwe kwanza pembeni mwa taya, kisha subiri wiki nne, kwa kuwa weusi hauji siku ileile. Ukijitokeza, usikubali eneo hilo lipigwe leza tena kabla haujafifia. Mara nyingi hufifia ndani ya miezi kadhaa kwa kukinga jua na dawa za kupaka alizoandika daktari wa ngozi.