Degedege: Maana na Matumizi ya Istilahi ya Tiba

Miongoni mwa maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyotwaliwa kuwa istilahi za tiba, neno "degedege" linastahili kuchunguzwa kwa makini. Katika vitabu vya afya neno hili hutumiwa kwa maana ya hali inayompata mtoto ghafla, ambapo viungo hukakamaa na kutetemeka, macho hupinduka, na aghalabu fahamu hupotea. Maana hiyo ni sahihi, lakini haikutimia, na upungufu wake waweza kugharimu maisha.

Kwa upande wa umbo, neno hili limetokana na "ndege". Jina hilo likiondolewa king'ong'o cha mwanzo huingia katika ngeli ya li-ya na kupata maana ya ukubwa, yaani "dege". Nalo "dege" likiradidiwa huwa "degedege". Asili hiyo inafungamana na itikadi ya tangu zamani katika pwani, kwamba maradhi haya huletwa na pepo ajaye kwa umbo la ndege au nondo mkubwa. Katika lahaja za kaskazini "nyuni" ni ndege, na neno hilo hilo hutumiwa pia kuutaja ugonjwa huu. Wamijikenda wa Kilifi nao wana jina "nyama wa dzulu", yaani mnyama wa juu.

Kwa tabibu, degedege ni dalili. Huweza kutokana na homa kali, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari katika damu, au kifafa. Kwa mzazi aliyelelewa katika itikadi iliyotajwa, degedege ni ugonjwa kamili, wenye chanzo chake na mganga wake. Tofauti hii hudhihirika hata katika muundo wa sentensi. Watu husema "homa imemshika mtoto" na "degedege limemshika mtoto"; majina yote mawili ni viima, wala hakuna linalolitegemea lingine. Tabibu husema "homa imemletea mtoto degedege", na hapo degedege huwa tokeo la homa. Neno ni lile lile, lakini mahali pake katika fikira ni pengine.

Madhara ya tofauti hiyo yalionekana katika utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996. Wenyeji waliipambanua "homa ya malaria", waliyoiona kuwa maradhi ya kawaida, na degedege, waliloliogopa sana lakini wasilolihusisha na mbu. Mtoto aliposhikwa na degedege, tiba ya jadi ndiyo iliyotangulizwa aghalabu. Kadhalika, imeripotiwa katika sehemu za Tanzania hofu kwamba sindano humwua mtoto mwenye degedege. Kwa hiyo tangazo lisemalo kwamba malaria huletwa na mbu na mgonjwa apelekwe hospitali laweza kusomwa na kufahamika barabara, na bado mama ambaye mwanawe anatetemeka asidhani kwamba linamhusu. Kosa halimo katika sarufi wala katika ufahamu wake wa lugha. Tangazo limetaja ugonjwa mmoja, naye anaona mbele yake mwingine.

Je, neno hili liachwe na istilahi mpya iundwe? Hapana shaka hilo lingezidisha tatizo. Degedege ni mojawapo ya dalili za hatari ambazo mhudumu wa afya hana budi kuziulizia anapopokea mtoto wa chini ya miaka 5. Akiuliza kwa neno geni, mzazi huenda akajibu "hapana" kwa kutolielewa, na dalili ikapita bila kutambuliwa.

Tena asili ya neno haiyafungi matumizi yake. Neno "pepopunda" limeundwa kwa "pepo" na "punda", lakini mama anayechanjwa dhidi ya pepopunda halazimiki kumfikiria pepo yeyote. Neno hilo limezoeleka katika kauli zinazolitaja pamoja na vidonda, vijidudu na chanjo, na kwa kauli hizo limepata maana ya kitabibu pasipo kubadilishwa umbo.

Njia hiyo ndiyo ifaayo kwa degedege. Haitoshi neno hili kuorodheshwa katika kamusi ya tiba mkabala na neno la kigeni. Yapasa maandishi ya afya yataje uhusiano waziwazi: kwamba malaria kali huweza kumletea mtoto degedege, na kwamba mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali upesi, hata ikiwa ametulia baadaye. Mfasiri wa matini za tiba, kabla ya kuchagua neno, aulize wasikilizaji huliweka neno hilo katika kundi gani la maradhi, na humwendea nani wanapolisikia.