Sangara kwenye tangi la sebuleni: nani alimuua siku ya nne?

Mpwa wangu anaishi Muleba mjini. Mwezi uliopita alinipigia simu jioni, sauti imepoa kabisa. "Anko, wamekufa wote wawili."

Waliokufa ni sangara wadogo, kila mmoja urefu wa kiganja. Aliwapata kwa wavuvi Kemondo wakiwa hai, akawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, akapanda nao bodaboda hadi nyumbani. Tangi la kioo la lita 60 lilikuwa tayari sebuleni: mchanga umeoshwa, mawe yamepangwa, maji ya bomba yamejaa. Siku ya kwanza samaki walizubaa pembeni. Siku ya pili walikula dagaa. Siku ya nne asubuhi walikuwa wanaelea.

Alichoshindwa kuelewa ni kitu kimoja: "Maji yenyewe masafi, Anko. Ukiangalia unaona mpaka upande wa pili."

Kama unakaa Bukoba, Muleba au popote kando ya Ziwa Victoria, huenda na wewe umewahi kutamani kufuga samaki wa ziwani nyumbani. Na sangara anavutia kweli: jicho linang'aa kama dhahabu, mwili wa fedha, na anavizia chakula kama paka. Huyu ndiye samaki ambaye watalii hulipa ili wamvue kwa ndoano kule Rubondo. Hebu basi tufanye uchunguzi wa kifo chake. Watuhumiwa ni watatu.

Mtuhumiwa wa kwanza: ndoo

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, na maji hayabebi nyingi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa hiyo maji ya nyuzi 25 huku kwetu yakishiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita, wakati pwani yangebeba kama 8. Akiba yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa funga ndoo mfuniko, weka samaki wawili walioshtuka, tembea nao juani. Oksijeni inaingia majini kupitia uso wa maji, na wewe umeufunika. Kambare angevumilia, kwa sababu ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa ya kawaida. Kamongo ana mapafu kabisa. Sangara hana ujanja huo, na mahitaji yake ya oksijeni ni makubwa. Ndiyo maana wale wawili walifika wamezubaa.

Lakini siku ya pili walikula. Samaki anayekula bado ana nguvu. Ndoo iliwadhoofisha, ila haikumaliza kazi.

Mtuhumiwa wa pili: maji ya bomba

Maji ya bomba hutiwa klorini ili iue vijidudu vya magonjwa. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Dawa yake ni rahisi: acha maji kwenye ndoo isiyofunikwa siku mbili, ikiwezekana ukiyakoroga au ukiyapulizia hewa kwa pampu. Klorini ya kawaida itatoka yenyewe.

"Basi nitumie maji ya ziwa," utasema. Sawa, lakini kumbuka kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi yako ukitumbukiza mkono. Nje ya mwili wa binadamu haviishi muda mrefu, kwa kawaida siku moja hadi mbili. Kwa hiyo maji ya ziwa nayo yachuje kwa kitambaa, hakikisha hamna konokono hata mmoja, kisha yaache siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Na usiokote majani ya ufukweni ukayapanda kwenye tangi bila kuyakagua, maana konokono wadogo hujificha humo.

Mpwa wangu aliacha maji siku moja tu. Klorini ingeweza kuwaumiza, ila kwa kawaida huumiza mapema, saa za mwanzo. Haingoji siku ya nne.

Mtuhumiwa wa tatu: kitu kisichoonekana

Huyu ndiye muuaji, na jina lake ni amonia.

Samaki akila nyama ya dagaa, mwili wake unavunja protini na kutoa taka yenye naitrojeni. Sisi tunaitoa kwa mkojo kama urea. Samaki wengi huitoa kama amonia moja kwa moja kupitia matamvua. Ziwani haina shida: maji ni mengi mno, na bakteria wapo kila mahali wakiitafuna. Kwenye tangi jipya maji ni kidogo na bakteria hao hawajahamia bado.

Tupige hesabu. Tuseme kwa siku hizo dagaa wabichi wa gramu 10 waliingia kwenye tangi, wakaliwa au wakaozea kwenye mchanga. Karibu gramu 1.8 ni protini, na asilimia 16 hivi ya protini ni naitrojeni: miligramu 290. Chukua nusu yake tu igeuke amonia, yaani kama miligramu 145. Gawanya kwa lita 60. Unapata kama miligramu 2.4 kwa lita.

Je, hiyo ni nyingi? Inategemea pH. Amonia majini iko katika sura mbili zinazogeukana. Sura moja ina chaji na madhara yake ni madogo. Nyingine haina chaji, inapenya matamvua kirahisi, na ni sumu. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sura ya sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inafika asilimia 5. Ikiwa 9, inapita theluthi! Kwa maji ya pH 8, miligramu zetu 2.4 zinatoa sumu ya miligramu 0.12 kwa lita. Madhara kwa samaki huanza kuonekana hata chini ya 0.05. Na kwa macho huoni chochote. Maji yanabaki angavu, samaki wanaungua.

Kwa hiyo usafi wa macho si kipimo. Tangi la zamani lenye rangi ya chai kidogo linaweza kuwa salama kuliko jipya linalong'aa.

Kinga yake ni subira. Kuna kundi la bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linalogeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Hawa bakteria hukua taratibu juu ya mchanga, mawe na sponji ya filta. Huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Kwa hiyo washa filta, tia chembe kidogo za chakula kila siku bila samaki yeyote, na usubiri. Ukimjua mtu mwenye tangi linalofanya kazi, muombe kipande cha sponji yake kichafu. Utakuwa umepunguza muda mwingi.

Umeme ukikatika, usilale. Bakteria hao nao wanahitaji oksijeni. Chota maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu, rudia kila baada ya muda.

Na kama wasingekufa?

Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu jambo ambalo hakulifurahia: hata angefanya yote sawa, sangara hakuwa samaki wa tangi lile.

Sangara wa sentimita 10 ana uzito wa kama gramu 10. Akifika sentimita 30, urefu umeongezeka mara 3, lakini uzito umeongezeka karibu mara 27, kwa sababu amekua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Chakula na taka navyo vinapanda. Na sentimita 30 bado ni mtoto. Sangara mkubwa anaweza kufikia karibu mita 2 na kilo 200. Isitoshe, ukiweka wawili, mmoja akimzidi mwenzake atamla. Ziwani hula hata watoto wa aina yake.

Kuna na suala la sheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Wale wadogo wanaofika mwaloni wakiwa hai mara nyingi wametoka kwenye kokoro, zana iliyopigwa marufuku. Ukinunua wawili kwa shilingi elfu chache, umeongeza sababu ya kuvuta kokoro kesho.

Jambo baya zaidi ni hili: samaki akishakuwa mkubwa, watu wengi humuonea huruma na kwenda "kumwachilia" kwenye bwawa, mto au ziwa lolote la karibu. Usifanye hivyo kamwe. Sangara mwenyewe hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa kutoka maziwa mengine miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na miaka ya 1980 alifumuka. Furu walikuwa aina zaidi ya 500 humu ziwani, na inakadiriwa kama 200 zilitoweka, sangara akiwa sababu kubwa pamoja na maji kuchafuka. Ngege wa asili naye karibu aishe kwenye ziwa kubwa. Amebaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya, Kenya. Na gugu maji tunalolilaani? Ni ua la bwawani kutoka Amerika Kusini. Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake za kuingia Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuna mtu mahali fulani alilipenda kwa sababu ni zuri.

Basi nifuge nini?

Kwa kuanzia, vifaranga vya sato kutoka kwa wazalishaji wanaouzia wafugaji wa mabwawa. Ni wagumu, wanakula chakula cha kununua, na wakizidi ukubwa wa tangi, sufuria ipo. Hilo sangara wako wa kokoro hakupi.

Ukishazoea, furu. Kwanza ongea na afisa uvuvi wa wilaya yako kuhusu kibali. Furu wengi ni wadogo, na kuna mengi ya kutazama. Jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu bila kula vizuri. Dume wa aina iitwayo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye milia myeusi. Miaka ya 1990 mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike kwenye matangi pamoja na madume wa aina mbili, wekundu na wa buluu. Kwenye mwanga mweupe kila jike alichagua dume wa aina yake. Walipotumia mwanga wa rangi moja ya chungwa, uchaguzi ukapotea. Kumbe maji ya ziwa yakivurugika kwa matope na mwani, furu hushindwa kutambuana, na aina mbili huanza kuwa moja. Tangi la kioo ndilo lililotuonyesha hivyo. Na baadhi ya furu waliopotea ziwani wako hai leo kwenye matangi ya watafiti na wafugaji ng'ambo.

Mpwa wangu hakulitupa tangi lake. Liko sebuleni na filta inanguruma, halina samaki. Kila siku anatia chembe tatu za chakula. Majirani wanamuuliza, "Unalisha nini humo?" Anawajibu, "Bakteria." Juzi alinitumia picha ya karatasi ya kupimia: amonia imeanza kushuka. Amebakiza wiki mbili hivi, kisha atafuata vifaranga vyake vya sato. Safari hii ndoo haitakuwa na mfuniko wa kubana.