Mwanao anasoma uzamivu Dar? Muulize anavyolala

Ndugu mzazi wa Tukuyu, mwanao yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka nyumbani, anasomea shahada ya uzamivu. Kijijini mmeshaanza kumwita daktari. Akipiga simu, swali ni lile lile: "Utamaliza lini?"

Swali hilo linatoka kwenye upendo, lakini kwake ni zito. Uzamivu haufanani na shahada ya kwanza. Mwanafunzi hufanya utafiti peke yake, huandika sura ya tasnifu, huipeleka kwa msimamizi na kusubiri. Ikirudi, huanza kusahihisha upya. Miaka mitatu inaweza kufika mitano. Wengi wao wana familia, na nyumbani kila harusi na msiba huwahesabu kama watu wenye uwezo. Ongeza kodi ya chumba, foleni na joto la usiku kwa mtu aliyekulia kwenye baridi na mvua za Rungwe.

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti uliohoji watu 2,279 wa nchi 26, wengi wao wanafunzi wa uzamivu. Karibu wanne katika kila kumi walionyesha dalili za sonona za kiwango cha kati hadi kikali. Walijibu kwa hiari, hivyo idadi hiyo si kipimo cha kila chuo. Hata hivyo, inatuonya tusiyaite mateso hayo uvivu au kurogwa.

Wanyakyusa mna salamu nzuri, "ugonile", ambayo asili yake ni kumuuliza mtu kama amelala. Safari hii muulize kweli, kisha subiri jibu. Analala saa ngapi? Anakula? Bado anafurahia mambo aliyoyapenda? Akikosa usingizi au kulala kupita kiasi, akakosa hamu ya chakula, akajitenga, akakata tamaa au kushindwa kusoma kwa wiki mbili au zaidi, anahitaji kuonana na mtaalamu.

Usidhani kila uchovu ni mawazo. Homa, kichwa na maungo kuuma vinaweza kuwa malaria. Apimwe kabla ya kumeza dawa.

Akisema maisha hayana maana, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake: mpigie ndugu au rafiki aliye karibu naye amfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, sonona inatibika kwa ushauri nasaha, dawa au vyote viwili. Anzia kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au kituo cha afya kilicho karibu. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Ukiwa likizo nyumbani, anzia hospitali ya wilaya. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Mbeya. Usitulize mawazo kwa pombe, kwani huharibu usingizi na kuzidisha huzuni.

Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya. Mzazi, mwanao akikueleza kwamba ameomba kuahirisha, usiseme ameshindwa. Mwambie chumba chake kipo, aje apumzike, na tasnifu ataimalizia akipona.