Nakala ya Mipangilio: Akiba Inayorejesha Huduma Mtandao Unapokatika

Mkazi wa Msimbati anayefuata leseni ya biashara makao makuu ya Halmashauri huondoka alfajiri akiwa na nauli ya kwenda na kurudi tu. Akifika dirishani na kuambiwa kuwa mtandao unasumbua, siku yake imepotea. Wengi hudhani kasoro iko kwenye kampuni ya simu. Wakati mwingine kasoro huwa ndani ya jengo hilohilo, katika kifaa kiitwacho swichi.

Swichi huunganisha kwa nyaya kompyuta, printa na vifaa vingine vya ofisi. Kwa macho ni kisanduku chenye matundu na taa ndogo. Thamani yake imo katika mipangilio iliyoandikwa ndani yake: kompyuta za fedha zitenganishwe vipi na zile za idara nyingine, na nani ana ruhusa ya kubadilisha jambo. Maelekezo hayo ni faili la maandishi lisilo kubwa. Hata hivyo, faili hilo likipotea, swichi mpya haiwezi kushika nafasi ya ile ya zamani mpaka mtaalamu ayaandike yote upya. Kama nakala ipo, kazi ya siku nzima huwa ya muda mfupi.

Adui wa kwanza wa faili hilo ni kukatika kwa umeme. Swichi nyingi za maofisini hutunza mipangilio mahali pawili. Ile inayotumika sasa hukaa katika kumbukumbu ya muda, na ile ya kuwashia kifaa hukaa katika kumbukumbu ya kudumu. Katika swichi za aina hiyo, mtaalamu akifanya badiliko na kusahau kulihifadhi, kila kitu kitaendelea vizuri mpaka umeme ukatike. Ukirudi, swichi huwaka na mipangilio ya zamani, na ofisi iliyounganishwa wiki iliyopita hujikuta nje ya mtandao.

Kuhifadhi ndani ya swichi pekee hakutoshi, kwa sababu swichi ikiunguzwa na radi huungua pamoja na kilichomo. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi duniani ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwekwe mbali na jengo. Wakazi wa pwani hii wanaielewa sababu yake. Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kilipiga jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, baada ya Mtwara nayo kuwekwa katika tahadhari. Dhoruba ya namna hiyo haichagui kati ya swichi na kabati lililo chumba cha pili.

Nakala yenyewe huhitaji uangalizi wa aina tatu. Kwanza, ichukuliwe kila baada ya badiliko na iandikwe tarehe, ili ya jana isichanganywe na ya mwaka jana. Pili, ilindwe, kwa kuwa ndani yake huwamo maneno ya siri na ramani ya mtandao mzima. Kuiacha katika flashi inayozunguka mikononi mwa watu ni sawa na kumwachia mpita njia ufunguo wa ofisi. Tatu, ijaribiwe. Baadhi ya swichi huweka sehemu ya mipangilio katika faili la pembeni, na anayenakili faili moja tu hugundua pengo siku ya dharura. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Mwananchi naye anapaswa kujua kuwa swichi ikiharibika, kinachokatika ni njia ya kufikia taarifa. Kumbukumbu za malipo ya Serikali hazitunzwi ndani ya swichi, hivyo aliyelipa hapotezi haki yake. Atunze risiti na namba ya kumbukumbu ya malipo, na asikubali kutoa fedha taslimu bila risiti kwa kisingizio kwamba mtandao haupo. Akirudishwa nyumbani zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo, amweleze Mtendaji wa Kata, ili jambo hilo lifike kwa wataalamu wa TEHAMA na chanzo chake kitafutwe.