Kuvu za Kilimanjaro: Rafiki na Adui Chini ya Mti Mmoja

Masika yanapokolea Moshi, ardhi hutoa mazao yasiyopandwa na mtu. Juu ya magogo yaliyooza huchomoza uyoga mweupe, wa manjano na wa rangi ya chungwa. Mwingine una umbo la mwavuli, mwingine la sikio, mwingine la kikombe. Uyoga huo, hata hivyo, ni mfano wa tunda tu. Mwili wenyewe wa kiumbe huyo, yaani kuvu, ni mtandao wa nyuzi nyembamba uliojificha ndani ya udongo au mbao.

Kuvu si mimea, kwani hazina rangi ya kijani ya kutengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wala si wanyama. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zipatazo 150,000, nao wanakisia kuwa jumla yake yapita milioni mbili.

Namna zake za kuishi ni nyingi. Katika nyanda za chini, mchwa hulima kuvu ndani ya vichuguu, na mvua inyeshapo uyoga wake mtamu hutokeza juu. Katika msitu wa mlimani, nyuzi za kuvu huingia katika mizizi ya mikulo na mipodo, zikaipatia miti hiyo fosforasi, nayo huzilipa sukari. Juu zaidi, kwenye mawingu, ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hutoa makazi, mwani hutoa chakula.

Lakini ukoo huo huo una wahalifu. Kihambani, mkulima wa Kichaga hupambana na kuvu mbili. Ya kwanza huleta kutu, unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani la mbuni, na jani hupukutika. Ya pili ni chulebuni, iliyotambuliwa Kenya mwaka 1922, ambayo huzifanya buni changa kuwa nyeusi na kuanguka. Mvua zikizidi, shamba lisilotunzwa laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na pamoja nayo karo ya watoto.

Kwa miaka mingi kinga ilikuwa kunyunyizia mrututu na dawa nyingine za shaba. Shaba, hata hivyo, haiozi. Hulimbikana udongoni, na ikizidi hudhuru hata kuvu njema zinazoilisha mizizi ya mbuni ule ule. Ndiyo maana kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoko Lyamungo, ina thamani kubwa: tangu mwaka 2005 imetoa aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu pasipo kutegemea dawa.

Apandaye miche hiyo humzuia adui jani­ni bila kumwua rafiki aliye mizizini.